Hopi Iliyohama Ijumaa Kuu

12 Machi, Jumapili

Wakati wa chakula Baba ametaja ukuta wa ghala, na mkate wa Babu Sepp ukabaki njiani kati ya sahani na mdomo. Mwashi anakuja baada ya Pasaka. Atabomoa upande wa kusini na kumwaga zege, na pale mguuni pa ukuta ndipo ilipo hopi.

Ndiyo hopi ya mwisho. Babu amelima hopi ya kutengenezea bia tangu akiwa mfupi kuliko jembe, mpaka goti lilipokataa na nguzo zikang'olewa shambani. Sasa kule kuna mahindi ya mtu mwingine. Umebaki mmea huu mmoja tu bustanini kwetu, unaopanda waya hadi chini ya paa na kunukia bia mwezi wa Agosti.

"Huu ukifa," Babu akasema, "nitabaki mzee tu mwenye koti."

Bibi Lina peke yake ndiye aliyesema, "Na koti lenyewe halina kifungo."

Babu Sepp ni baba wa Mama, Mkatoliki, nyumba ya kulia. Bibi Lina ni mama wa Baba, Mprotestanti, nyumba ya kushoto. Sisi tuko katikati kama jibini ndani ya mkate. Kanisa la kijiji ni moja: Waprotestanti huingia kwanza, Wakatoliki baadaye, na katikati madirisha hufunguliwa hewa ibadilike. Babu anasema haitoshi.

19 Machi

Mvua. Wameamua, baada ya kelele nyingi, kwamba hopi itagawanywa. Kipande kimoja kwa Babu, kimoja kwa Bibi, kimoja kisiposhika kingine kishike. Bibi anadai ana haki kwa sababu mizizi imekuwa ikipita chini ya uzio na kula bitiruti zake.

"Mmea uliokula bustanini kwa Waprotestanti miaka yote hiyo," alisema, "nusu yake tayari imeokoka."

Mimi ndiye mjumbe. Babu hasikii vizuri kwa sikio la upande wa Bibi, na Bibi hataki kupaza sauti mbele ya Mkatoliki. Kwa hiyo kila neno linapita kwangu. Ni ajabu, kwa sababu mimi mwenyewe sisemi. Shuleni tunasoma nusu ya juma kwa Kifaransa na nusu kwa Kijerumani, nami hunyamaza vizuri kwa lugha zote mbili. Lakini nikipewa maneno ya mtu mwingine niyabebe, mdomo wangu hufunguka kama mlango uliopakwa mafuta.

26 Machi

Mvua. Babu ananoa kisu chake kilichopinda. Hakuna jingine.

7 Aprili, Ijumaa Kuu

Nimeosha mikono mara tatu na bado karatasi inashika tope.

Babu alichagua leo. Anasema mwezi ndio uliotaka. Mwezi haukutaka lolote, wote twajua. Kwa Waprotestanti hakuna siku kubwa kuliko hii. Huvaa nyeusi, hawagusi jembe, hata soksi hawaaniki. Basi baba yake Babu, na babu yake, kila Ijumaa Kuu walikuwa wakimwaga samadi mbele ya madirisha yao. Waprotestanti nao wakilipiza siku ya Ekaristi, maandamano ya Wakatoliki yakipita. Ni utani wa tangu enzi za mababu, na asiyeutimiza mwaka fulani huulizwa kama anaumwa.

Nilimsaidia kuchimba mvua ikinyesha. Kisiki kilikuwa kama ndama aliyelala, cheusi, kimejaa nywele za mizizi. Tulikuwa tumeshakizunguka kwa mtaro wakati ibada ya Waprotestanti ilipotoka. Wanawake kama kumi wakaja barabarani chini ya miavuli myeusi, Bibi Lina mbele. Wakasimama uzioni.

Babu akaona ana watazamaji. Mgongo ukanyooka. Akainua sururu juu kuliko ilivyohitajika, akakanyaga ukingo wa mtaro, ukingo ukameguka, na yeye akaketi ndani ya shimo, wamekumbatiana na kisiki.

"Muulize kama amekwama," Bibi akaniambia.

"Babu, umekwama?"

"Mwambie nakagua."

"Anakagua."

"Basi akague."

Akakagua mpaka maji yakamfika kiunoni. Hatimaye wanawake waliweka miavuli chini, wakaruka uzio na sketi zao za kanisani, wakamvuta, huyu mkono, yule ukanda wa suruali.

"Kazi, siku ya Ijumaa Kuu!" mmoja alilia.

"Hii si kazi, Salome wangu huyu anaona," Bibi akamjibu, akinielekezea kidole. "Hapa tunatoa punda kisimani, na Maandiko yanaruhusu."

Babu angeweza kushukuru. Badala yake akachukua msumeno, akakipasua kisiki mbele yao. Lile bonge kubwa, nene kama mtungi, akaliviringisha upande wake. "Kiti cha enzi!" Vile vikonyo vyembamba vilivyokuwa vikitambaa chini ya udongo, kama mikia ya panya, akavirusha juu ya uzio. "Chukua makombo, kivyere. Usije ukasema Wakatoliki hawatoi sadaka."

Bibi akaviokota kimoja kimoja, akavifuta tope kwa leso, akavitia ndani ya mwavuli wake uliogeuzwa, akaenda zake akinyeshewa.

Tukalipanda bonge karibu na jiko la Babu. Kisha akatoa kisu, akakata machipukizi yote meupe yaliyokuwa juu ya kisiki, ras, ras, ras, kama alivyofanya kila majira ya kuchipua, mmea baada ya mmea, maisha yake yote shambani. Hakuwa hata anaangalia. Macho yalikuwa yakimfuata Bibi, na mkono ulikata wenyewe.

Jioni aliyala kwa sosi ya siagi na maziwa. Ijumaa Kuu nyama hailiwi, na machipukizi ya hopi ni chakula cha kifalme. Mimi alinipa matatu. Yalikuwa matamu, nakiri.

16 Aprili

Kwa Bibi: ncha tatu za zambarau, ndogo kama pua za panya. Kwa Babu: hakuna kitu.

"Mwambie hopi ya Kikatoliki haikurupuki," Babu alisema. "Inatafakari kwanza."

23 Aprili

Mwashi amemwaga zege. Kwa Bibi: mtambao umefika goti langu. Kwa Babu: inatafakari.

30 Aprili

Nimemkuta Babu amepiga magoti, goti lile bovu pia, anafukua udongo kwa vidole. Nilimwona akipapasa kisiki pande zote kama mtu anayetafuta miwani. Ndani kilikuwa kimeanza kuwa laini.

"Hakuna jicho," alisema. "Hata moja."

Nikainama nikatazama ndani ya shimo.

"Kule shambani kisiki kina mizizi mirefu kuliko mimi. Unakata machipukizi, kinacheka, kinatoa mengine. Hiki tulikuwa tumeshakikata mizizi. Nguvu yote ilikuwa imebaki kwenye machipukizi yale." Alifuta mikono kwenye suruali. "Na mimi nimeyaweka kwenye siagi."

Niliwaza yale matatu niliyokula mimi.

"Usimwambie Lina."

14 Mei, Jumapili

Muujiza! Asubuhi hopi ya Babu imefika urefu wa mtu, majani mapana, mtambao umeuzunguka waya vizuri. Baba alipongeza. Mama alipiga picha. Bibi Lina alikuja uzioni, akaitazama kwa muda mrefu, akasema tu, "Imetafakari kwa haraka."

Mchana Babu ameniita. Ametoka alfajiri hadi kijito, akakata hopi ya mwituni, akaitia katika chupa ya maji ya madini, akaifukia chupa.

"Itanyauka," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuhitaji. Wewe una baiskeli." Akanishika bega. "Salome, wewe ndiye mtu pekee kijijini humu anayejua kunyamaza. Hicho ni kipaji."

Hakuna mtu aliyewahi kuuita kipaji. Walimu wanauita kwa majina mengine.

19 Mei

Kijitoni na baiskeli kuleta hopi mpya. Mbu.

23 Mei

Kijitoni. Jua kali, mvua imetuacha kabisa. Hopi ya Babu hupungua urefu Jumatatu na kurefuka Jumanne. Leo ina majani madogo kuliko ya jana. Baba, ambaye ni mhasibu, hajagundua.

4 Juni

Kijitoni. Nimeanza kumchukia Bibi kidogo. Hopi yake imempita kimo, naye kila jioni huimwagilia huku akiimba zaburi, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni kwa Babu. Ana pipa pia, nyuma ya banda. Amelijaza maji na kiwavi, yale majani yanayowasha anayoyachachusha kuwa mbolea, na kulifunika. Nikilipita naziba pua. Nilimuuliza la nini kubwa hivyo.

"Mbolea," alisema. Macho yake yalikuwa ya msichana wa shule.

11 Juni, sikukuu ya Ekaristi

Sijui nianzie wapi. Joto. Upepo kutoka kushoto.

Maandamano hupita kwetu kila mwaka, na mbele ya lango letu huwekwa altare ndogo yenye maua. Babu hushika mguu mmoja wa ule mwavuli mkubwa wa dhahabu anaotembea chini yake padri. Amekuwa akiushika tangu kabla Mama hajazaliwa, na huvaa koti.

Nilikuwa kwa Bibi aliponiomba nimsaidie na kifuniko cha pipa.

"Leo Jumapili, Bibi. Hufanyi kazi Jumapili."

"Kufungua kifuniko si kazi," alisema. "Ni hewa safi."

Tulikifungua. Mungu anisamehe. Ilikuwa kama ng'ombe amefia ndani ya ng'ombe mwingine. Upepo ukalipokea jambo hilo kwa mikono miwili ukalipeleka barabarani. Nikaona wimbo wa maandamano ukivunjika kuanzia mstari wa mbele hadi wa nyuma. Padri alikohoa. Watoto waliomwaga maua ya waridi wakayarudisha puani. Na Babu, chini ya mguu wake wa dhahabu, alikuwa anacheka mpaka mwavuli mzima unatetemeka. Machozi yanamtoka. Nilielewa, nikiwa pale kando ya pipa, kwamba alikuwa akiisubiri siku hii tangu Ijumaa Kuu, na kwamba kama Bibi asingemfanyia angeumia.

Ndipo Mama Wendling, anayepamba altare, akasema maua yamelegea kwa joto. "Sepp, tunakata kidogo hopi yako! Ni kwa Bwana!"

Babu hakusikia. Lilikuwa lile sikio. Mimi nilisikia. Nilitakiwa kupiga kelele "Hapana!" Neno hilo nalijua kwa lugha tatu, mbili za shule na ya nyumbani. Halikutoka hata kwa moja.

Mama Wendling akaingia bustanini, akashika mtambao, akavuta. Ukaja wote. Ukaja na waya, na udongo, na chupa ya maji ya madini ikining'inia mwishoni kama samaki kwenye ndoano.

Parokia nzima inatazama chupa. Lebo ilikuwa bado juu yake.

Babu aliacha kucheka. Hakuweza kukimbia, kwa sababu alikuwa ameshika mwavuli wa Mungu. Akasimama tu, mwekundu, na koti lake.

Nikamgeukia Bibi. Nilijua sasa atasema. Neno moja tu lingetosha, na kijiji kingelirudia mpaka mazishi ya Babu na baada ya hapo. Alifunika pipa. Akachukua mkasi mfukoni mwa aproni, akaenda kwenye hopi yake, akakata mitambao miwili, mirefu kabisa, ile aliyokuwa akiiimbia.

"Wapelekee," aliniambia.

"Hii ni altare ya Wakatoliki, Bibi."

"Nina macho. Peleka upesi, wasiendelee kumtazama."

12 Juni

Babu hajatoka.

15 Juni

Babu hajatoka. Mama amempelekea supu, imerudi. Mama anasema alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda amevaa koti, katika joto hili.

18 Juni, Jumapili

Bibi ameniita. Alikuwa anamenya viazi kwa hasira.

"Kwa nini hanitukani?"

"Anaona haya."

"Haya ni yake, matusi ni yangu. Siku saba sijatukanwa. Silali." Kiazi kikaanguka. "Mwambie nitampa nusu ya hopi yangu. Aje achimbe."

Nilipeleka. Babu alisema, bila kuinua kichwa, "Mwambie asante." Bibi aliposikia ameshukuru aliketi chini.

"Asante? Sepp alisema asante?" Akavua miwani. "Huyu mtu anakufa."

20 Juni

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema.

Nilikwenda kwa Babu nikasema, "Bibi anasema umwazime ile chupa yako, maana imezaa vizuri mwaka huu."

Bibi hakuwa amesema hivyo. Niliyatunga njiani, kati ya mlango wetu na wake.

Babu aliinua kichwa. Kisha kona ya mdomo ikacheza. "Mwambie... mwambie sina nguvu."

Nikaenda kwa Bibi. "Babu anasema lile pipa lako ndiyo mara ya kwanza Waprotestanti kutoa kitu bila kukipima."

Bibi alicheka mpaka akashika meza.

21 Juni

Matusi manne kwenda, matatu kurudi. Yote yangu. Babu amekula supu.

24 Juni

Bibi amenitazama juu ya miwani. "Salome, matusi haya si ya Sepp."

Masikio yakawaka moto.

"Sepp hana akili kiasi hiki," alisema. "Endelea. Lakini mtoe nje. Hopi yangu inahitaji mtu anayejua, mimi naimwagilia tu na kuomba."

25 Juni, Jumapili

Nilisimama mlangoni kwa Babu nikasema, "Bibi anaifunga hopi kwenye waya kwa kuizungusha kinyume na saa."

"Nini?"

"Kinyume na saa. Anasema haijalishi."

Hopi huzunguka kama mshale wa saa, sikuzote, duniani kote. Ukiifunga kinyume itajifungua yenyewe, ianguke. Hilo hata mimi nalijua.

Babu alitoka na ndara miguuni. Alipita bustani yetu, akaruka uzio na lile goti, akafika kwenye hopi ya Bibi akihema. Ilikuwa imefungwa sawasawa.

Akageuka akaniona. Akamwona Bibi dirishani. Sasa nitalia, niliwaza, atajua kila kitu, atarudi ndani na hatatoka tena.

Aliutazama mmea. Akashika jani, akaligeuza, akaangalia mgongoni kama kuna wadudu. Akapapasa mtambao wa chini kabisa, ule uliokuwa unatambaa ardhini bila waya.

"Huu mmeuacha kama yatima," alisema.

Bibi akafungua dirisha. "Tulikuwa tunamsubiri fundi. Tuliambiwa amelala."

Babu akaomba jembe dogo. Akachimba mfereji mwembamba chini ya uzio, kupitia bustani yetu, hadi upande wake, akaulaza ule mtambao humo bila kuukata, akaufunika udongo sehemu ya katikati, akaacha ncha yake nje. "Ukipenda utatoa mizizi," alisema. "Usipopenda, basi."

"Na ukipenda, utakuwa wa nani?" Bibi aliuliza.

Nikaleta maji.

16 Julai

Mvua kidogo, nzuri. Babu yuko kwa Bibi tangu asubuhi, anafunga. Wanagombana kuhusu kamba.

30 Julai

Kamba bado.

20 Agosti

Kwa Bibi: maua, kama kofia zilizojaa. Babu amesugua moja kati ya viganja, akanusa, akampa Bibi anuse. Bibi akasema linanuka vitunguu. Babu akasema hilo ndilo lenyewe. Wakakaa kimya, si ule ukimya wangu. Mwingine.

3 Septemba, Jumapili

Kesho shule. Leo Babu amefukua ule mfereji kwa vidole, polepole, mimi nikishika taa ya simu chini ya uzio. Mizizi. Myeupe, mingi, imeshika udongo kweli kweli. Upande wake.

Alikaa chini kwenye majani mabichi. Akatoa kisu kilichopinda. Ukikatwa pale uzioni, mmea wake utakuwa peke yake. Ukikatwa mapema mno, utakufa kama ule mwingine. Aliweka makali juu ya mtambao, akayaondoa.

"Salome, nenda kamuulize Lina kama nikate."

Bibi alikuwa pale pale, hatua chache, anaanua shuka. Nilifungua mdomo kubeba swali. Kisha, sijui lilitoka wapi, likatoka jingine:

"Muulize mwenyewe, Babu."

Alinitazama kama mtu aliyemwaga samadi. Akasimama. Akakohoa. Akageuza sikio zima upande wa uzio.

"Lina!"

Shuka likateremka, uso wa Bibi ukatokea. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nauliza... nikate sasa?"

Bibi alikunja shuka mara mbili kabla ya kujibu. "Subiri Machi, baridi ipite."

"Machi nitakuwa na miaka themanini na tatu."

"Basi una sababu ya kufika," Bibi akasema, akarudi kwenye kamba yake ya nguo.

Babu akakunja kisu.